Kifaa Kikigoma Kabla Keki Haijakatwa: Dalili na Vyanzo kwa Mpiga Video wa Mwanza

Jumamosi usiku simu yangu haipumziki. Kijana yuko ukumbini Buhongwa, mwingine yuko kwenye sendofu Igoma, na maneno ni yaleyale: "Kaka, kamera imekufa." Kamera zilizokufa kweli katika simu hizo nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Zilizobaki zilikuwa nzima kabisa. Ugonjwa ulikuwa kwenye umeme wa ukumbi, kwenye kiwaya, kwenye kadi, au kwenye mpangilio ambao mtu aliubadilisha jana yake akasahau.

Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa: "Mdogo wangu, umebadilisha nini tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi?" La pili: "Ukichomoa kitu kimoja, tatizo linabaki?" Nasema kimoja. Ukibadilisha waya, betri na kadi kwa mpigo, kamera itapona lakini hutajua mgonjwa alikuwa nani, na wiki ijayo utarudi shughulini na waya mbovu uleule mfukoni.

Michirizi inayopanda na kushuka kwenye picha

Hii ndiyo dalili inayoongoza kwenye kumbi zetu. Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutumia hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata, yaani muda ambao kila fremu (picha moja ya video) inapokea mwanga, ikiwa 1/50 ya sekunde, fremu hiyo inapokea mapepeso mawili kamili. Ikiwa 1/100, inapokea moja kamili. Ikiwa 1/60 au 1/125, mapepeso hayatimii, kuna kipande kinazidi au kinapungua, na kipande hicho ndicho kinachogeuka mchirizi.

Chanzo cha kawaida ni kamera iliyoachwa kwenye mfumo wa NTSC, ule wa nchi zenye umeme wa mizunguko 60 kama Marekani. Au kijana amejifunza kwa mwalimu wa mtandaoni aliyeko huko: rekodi fremu 30 kwa sekunde, shata iwe maradufu, 1/60. Ushauri huo ni sahihi, ila ni sahihi kwao. Hapa weka PAL, mfumo wa nchi za mizunguko 50, fremu 25, shata 1/50. Ukitaka mwendo wa taratibu, kwa mfano wachezaji wa bugobogobo wanaporuka na ngoma zao, nenda fremu 50 au 100 kwa shata ya 1/100. Mteja aking'ang'ania fremu 30, mpe, lakini shata ibaki 1/50 au 1/100.

Umefanya hayo yote na mchirizi bado upo? Angalia taa za mapambo nyuma ya maharusi. Taa nyingi za LED za bei nafuu hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka sana, na kasi hiyo haina uhusiano wowote na umeme wa ukutani. Mwombe mtu wa mapambo aziongeze mpaka mwisho, kwani nyingi hutulia zikiwa na mwanga wote. Akikataa kwa sababu "zitaua mudi", tembeza shata polepole, 1/40, 1/60, 1/80, huku ukitazama kioo, mpaka mchirizi usimame au upotee. Taa za wavuvi wa dagaa usiku ni hivyohivyo. Nyingi zinaendeshwa na betri, kwa hiyo ile 1/50 yetu haina uchawi wowote kule majini. Na ukumbi ukiwa kwenye jenereta inayokohoa, mchirizi utakuja na kuondoka kadiri mashine inavyopanda na kushuka. Hapo hakuna mpangilio wa kamera utakaokuokoa.

Ndugu wa tatizo hili ni sura zilizogeuka zambarau bapa, hazina pua wala shavu. Mwanga wa bluu umefurika kwenye kihisi, na ukifurika hakuna rangi ya kurudisha wakati wa kuhariri. Punguza mwanga unaoingia kwenye kamera hata kama picha itaonekana yenye giza, weka taa ndogo nyeupe upande wa nyuso, na ufunge mizani ya weupe (mpangilio wa rangi ya mwanga) kwenye namba moja. Ukiiacha ijiendeshe, bibi harusi ataanza wimbo akiwa wa chungwa na kuumaliza akiwa wa kijani.

Sauti, mama wa malalamiko

Picha mbaya mteja anaweza kuivumilia. Mahubiri ya mchungaji yasiposikika, utarudishiwa kazi.

Kimya kabisa. Tazama pini ya waya wa maiki. Pini yenye mikanda miwili myeusi ni ya kamera. Yenye mitatu ni ya simu. Zinaingia kwenye tundu moja bila kulalamika, lakini waya wa simu ukiuchomeka kwenye kamera, mara nyingi hupati kitu au unapata mlio wa mbali kama wa mtu aliye kisimani. Risiva (vipokezi vya maiki zisizo na waya) nyingi huja na nyaya zote mbili, na zikishavurugika mkobani zinafanana. Mimi wa simu nimeuzungushia utepe mwekundu. Kama waya ni sahihi, hakikisha hukuuchomeka kwenye tundu la hedifoni. Usicheke, ukumbini ni giza.

Sauti inakatika-katika. Maiki nyingi zisizo na waya za bei yetu hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi. Asubuhi ukijaribu ukumbi ukiwa mtupu, inafika mpaka mlangoni. Jioni wameingia wageni mia nne na simu zao, na miili ya watu, ambayo sehemu kubwa ni maji, inameza mawimbi hayo. MC naye ameweka transmita, kile kifaa kinachorusha sauti ya maiki, mfuko wa nyuma wa suruali na amekugeuzia uso, maana yake mwili wake wote uko katikati. Hamishia transmita mbele, inua risiva juu ya vichwa vya watu kwenye stendi, na usogee. Kama transmita yako inaweza kurekodi yenyewe ndani, iwashe kila mara. Nilipoanza kufanya hivyo niliacha kuomba radhi.

Mngurumo mzito, uuuu, usiokoma. Huu unakuja ukijiunga na miksa ya DJ. Kuna jaribio la sekunde tano: chomoa chaja ya kamera, ibaki kwenye betri. Mngurumo ukiondoka, tatizo ni la ethi. Kamera na miksa zimechomekwa soketi mbili tofauti, na umeme unazunguka kupitia waya wako wa sauti. Endelea na betri, au chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au weka katikati kisanduku cha DI, kinachotenganisha ethi za vifaa viwili. Kamwe usikate mguu wa ethi kwenye plagi. Najua fundi aliyekufundisha, hata mimi alinifundisha, lakini utapoteza kifaa au mtu.

Sauti imepasuka hata ukishusha kiwango kwenye kamera. Hii inawachanganya wengi. Mshale wa sauti uko chini kabisa, masikio yanasikia makorokoro. Maana yake sauti ilipasuka kabla haijafika kwako: kwenye transmita, au kwenye miksa inayotoa mkondo wa laini wakati kamera inasubiri mkondo dhaifu wa maiki. Rudi nyuma hatua kwa hatua. Anza mdomoni mwa msemaji, nenda transmita, nenda risiva, malizia kwenye kamera. Nataka vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli −12 na −6, na kila kituo kiwe safi kabla ya kuhamia kinachofuata.

Kinyume chake ni sauti yenye mchanga, shhhh, nyuma ya kila neno. Hapo transmita imewekwa chini mno na kamera imepandishwa juu mno, nayo vikuza sauti vyake ni dhaifu. Geuza: risiva itoe nguvu, kamera ipokee kwa kiwango cha chini. Zima ile hali ya kamera kujipangia sauti yenyewe. Mtu akinyamaza kidogo, inapandisha kila kitu mpaka unasikia feni.

Upepo ni habari nyingine ya huku kwetu. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na jioni kabisa unageuka. Mahojiano ya saa tisa alasiri pale Capri Point, uso umeelekea ziwa na mandhari nzuri ikiwa nyuma ya mpiga picha, ni kumweka mtu mdomo wazi mbele ya feni. Mgeuze, ziwa liwe mgongoni kwake. Unapata mandhari kwenye fremu, na mwili wake unakinga maiki. Sponji nyeusi inayokuja na maiki haifai kitu nje. Vaa manyoya, washa kichujio cha kukata sauti za chini ya 80 Hz, na kama bado inanguruma, ficha maiki ndani ya shati.

Midomo na sauti vikipishana kadiri ibada inavyoendelea, dakika ya kwanza sawa, dakika ya tisini vimeachana, rekoda yako si mbovu. Rekoda na kamera kila moja ina saa yake ndani, na saa mbili hazilingani milele. Kata sauti kila baada ya sehemu fulani uilinganishe upya. Kama picha ilitoka kwenye simu, kuna uwezekano fremu zake hazina kasi moja. Ipitishe kwanza kwenye programu ya HandBrake, uchague kasi isiyobadilika, ndipo uihariri.

Kamera inaacha kurekodi, au faili haifunguki

Soma kwanza kioo kimesema nini. Kama kimelalamikia kasi ya kadi, usidanganywe na namba kubwa iliyochapwa mbele ya kadi, kwani mara nyingi hiyo ni kasi ya kusoma. Tafuta alama ya V. V30 inaahidi kuandika megabaiti 30 kila sekunde bila kushuka, V60 inaahidi 60, V90 inaahidi 90. Kamera nayo inahesabu kwa megabiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo 4K ya megabiti 100 inahitaji megabaiti 12.5 tu, V30 inabeba bila kutoka jasho. Ukipanda mpangilio wa megabiti 400, ni megabaiti 50, na V30 itakuangusha pale baba mzazi anaposhika maiki.

Faili za asubuhi kanisani ni nzima, za jioni ukumbini hazifunguki. Dalili hii inanuka kadi feki. Kadi inajitangaza kuwa na gigabaiti 128 na ndani ina 16. Zikijaa, haikwambii, inaendelea kupokea na kutupa, au inaandika juu ya vya mwanzo. Niliwahi kupoteza nusu ya kipaimara kwa kadi niliyouziwa ikiwa ndani ya kasha lililofungwa vizuri kabisa. Tangu hapo kadi mpya haiingii kwenye kamera kabla sijaijaza yote kwa programu ya kupima kadi, H2testw, kwenye Windows. Mwenye Mac au Linux atumie F3. Inachukua saa kadhaa. Iache usiku.

Faili ina ukubwa wake, gigabaiti nane, lakini kompyuta inasema haiijui. Umeme wa kamera ulikatika kabla haijafunga faili. Kurasa zote zipo, ila ukurasa wa yaliyomo haukuandikwa. Rudisha kadi kwenye kamera ileile uiwashe. Kamera nyingi zitaona kasoro na kukuuliza kama zirekebishe, nawe ukubali. Zisipouliza, kuna programu iitwayo untrunc. Unaipa faili bovu pamoja na faili zima kutoka kamera hiyohiyo kwa mpangilio uleule, inajengea ukurasa uliokosekana. Kwa vilivyofutwa au kadi iliyofomatiwa kimakosa, PhotoRec ni ya bure, lakini video zilizotawanyika kwenye kadi hazirudi nzima kila mara. Kwa vyovyote, toa kadi, usirekodi hata sekunde moja juu yake, na hifadhi vilivyookolewa kwenye diski nyingine.

Ukiona video moja imekatwa vipande vya gigabaiti nne nne, hilo si tatizo. Kadi za gigabaiti 32 kushuka chini hutumia mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili kubwa kuliko hapo. Nakili folda nzima kama ilivyo, vipande vitaungana bila pengo.

Imechemka

Saa saba mchana, jua la utosini, 4K ya fremu 50, kamera inaonyesha alama ya kipimajoto na kulala. Fungua kioo kiwe mbali na mwili wake ili joto litoke, tafuta kwenye menyu mpangilio wa kikomo cha joto uupandishe, iwekee mwavuli, na uizime katikati ya vipindi badala ya kuiacha ikisubiri. Kuna jamaa aliitumbukiza kamera kwenye friji la soda. Ilipoa, ndiyo, kisha ikatokwa na jasho ndani na nje.

Jasho hilo huja hata bila friji. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi asubuhi kwenda kupiga ufukweni, unyevu wa ziwa unaganda kwenye lenzi baridi na picha inakuwa na ukungu. Usiifute wala usifungue lenzi. Iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa ipate joto taratibu. Ukungu ukikaa kwa siku, ukitazama kwa tochi ukaona nyuzi kama za buibui ndani ya vioo, hiyo ni fangasi, na hapo ni kazi ya fundi. Kinga yake ni boksi lisilopitisha hewa na vifuko vya silika. Mchele hapana. Unaacha vumbi kwenye matundu, na bado utaupika.

Mashua zinaruka-ruka, maji yameungua meupe

Mteja atasema video "inakatakata", nawe utalaumu kadi. Angalia shata. Mwanza tupo nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, jua halina mzaha, na kamera imejipandishia shata mpaka 1/2000 ili kuzuia mwanga. Kila fremu imeganda, na mwendo unapoteza ulaini.

Hesabu yake iko hivi. Jua kali linataka tundu la lenzi la f/16 na shata inayolingana na ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kunasa mwanga. Ukirekodi log (picha bapa ya kupakwa rangi baadaye) kwa ISO 800, hiyo ni 1/800. Wewe unataka f/2.8 na 1/50. Kila hatua ni mwanga maradufu: kutoka f/16 hadi f/2.8 ni hatua tano, kutoka 1/800 hadi 1/50 ni hatua nne. Jumla tisa, yaani filta ya ND512, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Filta za kuzungusha nyingi zinafika kikomo karibu na hapo, na kwenye lenzi pana zinachora msalaba mweusi katikati ya anga. Ukiuona msalaba huo, rudisha filta nyuma kidogo na ufunge tundu hadi f/4. Filta hizo pia zina tabia ya polaraiza, kwa hiyo mng'ao wa maji unabadilika ukigeuza kamera kutoka Jiwe la Bismarck kuelekea Kamanga. Si lenzi imeharibika.

Gimbali inatetemeka au inalia kama mbu

Gimbali, kile kishikio cha mota kinachotuliza kamera, karibu kila mara huwa haijasawazishwa. Izime, ishike, weka kamera ilale kila upande. Isipobaki pale ulipoiacha, endelea kusogeza. Kifuniko cha lenzi ulichokiondoa baada ya kusawazisha nacho kina uzito. Ikiwa imesawazishwa na bado inatetemeka, endesha upimaji wa mota upya, kisha kaza bamba la chini.

Droni juu ya maji

Ikikataa kuruka upande wa Ilemela, kumbuka uwanja wa ndege uko pale, na droni nyingi zina ramani ya maeneo yaliyozuiwa. Huo si ubovu, na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania unatakiwa uwe nacho kabla ya yote.

Ikiyumba au kushuka yenyewe ikiwa chini sana juu ya ziwa, macho yake ya chini yanajaribu kusoma mawimbi na mng'ao kana kwamba ni ardhi. Ipandishe mita kadhaa. Ikilalamikia dira, umesimama juu ya chuma: sitaha ya kivuko, boneti ya gari, au zege lenye nondo kama la Daraja la Kigongo–Busisi. Sogea kwenye udongo.

Ukiirushia kwenye kivuko kinachotembea, usibonyeze kamwe kitufe cha kurudi nyumbani. Itarudi kwa uaminifu mkubwa mahali ilipoondokea, na mahali hapo sasa ni maji matupu.

Laptopu inasuasua

Faili haijaharibika. Umerekodi H.265 ya biti 10, yaani video iliyobanwa sana, na kompyuta yako inahangaika kuifungua fremu kwa fremu. Tengeneza proksi (nakala nyepesi) za 720p, hariri kwa hizo, toa kazi kwa faili za asili. Usikimbilie kununua mashine mpya.

Kamera inazima yenyewe

Nimeiweka mwisho kwa sababu inaiga magonjwa mengine yote. Kioo kinaonyesha asilimia 42, kisha giza. Betri zisizo halisi hazisemi ukweli kuhusu chaji yake. Pawabenki nayo inaweza kuchaji kamera iliyozimwa lakini ikashindwa kuilisha ikiwa inarekodi, mpaka upate inayotoa umeme wa PD, wenye nguvu zaidi, kupitia USB-C. Betri ikivimba na kukwama ndani, usiichokonoe kwa bisibisi.

Nimeziandika betri zangu namba kwa maka peni. Namba 4 ikizima kamera mbili tofauti, mgonjwa ni namba 4. Betri zote zikizima kamera moja, safisha shaba za ndani kwa kitambaa kikavu, kisha uangalie mlango wa betri. Kamera nyingi zina swichi ndogo pale inayotaka kubonyezwa na mlango, na mlango uliolegea ukitikisika kidogo, kamera inadhani umeufungua. Kamera yangu ya pili ilinisumbua hivyo miezi mitatu, nikaipeleka kwa mafundi wawili. Leo inafanya kazi vizuri kwa kipande cha kadi ya mwaliko wa harusi kilichokunjwa mara mbili na kubanwa pale mlangoni.